Mgongo wa Marehemu

Shahidi wa nne alipotamka maneno yale yale, Hamo Tresk aliacha kumsikiliza, akaanza kuitazama mikono ya shahidi huyo.

"Mguu wake wa kulia uliteleza kwenye ngazi ya saba," mtu yule alikuwa akisema. "Akaanguka kifudifudi, na Mungu akamchukua papo hapo."

Mikono ilikuwa ikitetemeka. Asubuhi ile ya Novemba ilikuwa na baridi ya kukata masikio, na ua wa ngome ya Askerdale ulikuwa tope tupu, lakini mtu anayetetemeka kwa baridi huficha mikono kwapani. Huyu alikuwa ameinyoosha kando ya mapaja kama mtoto anayekariri somo mbele ya mwalimu.

Hamo akamwita wa tano. Mguu wa kulia, ngazi ya saba, kifudifudi, papo hapo. Wa sita alikuwa msagaji mmoja mnene aliyeitwa Thurstan, naye akayarudia bila kupunguza hata neno.

"Ulikuwapo alipoanguka?" Hamo akamuuliza.

"Hapana, bwana."

"Kwa hiyo nani aliuona huo mguu wa kulia?"

Thurstan akainua macho kutazama juu ya ukuta. Wapiga mishale sita walikuwa wamesimama kule, pinde zao zimetiwa kamba. Hamo alikuwa askari katika ujana wake, na alijua kwamba siku ya unyevu kama ile upinde hautiwi kamba ila mtu akitarajia kuutumia.

"Ndivyo tunavyojua, bwana," Thurstan akasema, akarudi mstarini.

Kwa miaka kumi na mmoja Hamo alikuwa mchunguzi wa vifo wa mfalme katika jimbo lile. Kila aliyekufa ghafla, tajiri au maskini, ilikuwa lazima aonwe na Hamo kabla hajazikwa, mbele ya mashahidi kumi na wawili kutoka vijiji vinne vya jirani. Lakini Bwana Warin, kabaila wa Askerdale, alikuwa amekufa siku nne zilizopita, akazikwa kesho yake, wala hakuna aliyetumwa kumwita Hamo. Habari aliipata njiani, kwa muuza chumvi.

Odo Pell, karani wake, mzee mwenye kikohozi kisichoisha, alimsogelea akajifanya anapanga kalamu zake. "Bwana," alinong'ona, "wameshusha lango."

"Nimesikia."

Msimamizi wa ngome alikuwa Drogo Cray, mtu mrefu, mpole wa maneno. Alimwambia Hamo kwamba mashahidi wamekwisha kusema, kwamba jikoni kuna nyama ya mbawala, na kwamba mvua inakuja. Hamo alimshukuru, akaomba kwanza aonyeshwe hiyo ngazi ya saba.

Zilikuwa ngazi za mawe zinazozunguka ndani ya mnara, nyembamba, zimetandazwa matete mabichi kuanzia chini hadi juu. Hamo aliyasukuma matete kando kwa kiatu. Jiwe lilikuwa jeupe, halina doa. Akauliza damu ilienda wapi. Drogo akajibu kwamba ngazi zote zilisuguliwa kwa maji ya majivu, kwa heshima ya marehemu. Hamo alichutama. Katika kona ya ngazi ya saba utando wa buibui ulikuwa mzima, umejaa vumbi la miezi. Hakuna aliyesugua pale. Hakuna aliyeanguka pale.

Alijua inampasa aseme. Alitazama nyuma, akaona askari wawili wameziba njia ya kutokea, akasema magoti yanamuuma, akasimama.

Drogo aliuona ukimya ule. "Kama mheshimiwa ana shaka," alisema taratibu, "yupo mtu. Ketel, mtunza vipanga wa kuwindia. Bwana alimchapa mijeledi wiki mbili zilizopita kwa kumpoteza kipanga wake mweupe. Siku Bwana alipokufa, Ketel naye akatoweka."

"Mmemtafuta?"

"Kila mahali."

"Kwa hiyo ni ajali, na tena yupo muuaji."

"Chagua utakalo, mheshimiwa," Drogo akasema. "Yote mawili yana mashahidi."

Hapo Hamo akaelewa kwamba Drogo hajali jibu lipi linaandikwa, mradi tu hati ithibitishe kwamba aliyekufa ni Bwana Warin. Na hilo halikuwa gumu kulielewa. Mwaka ule makabaila kadhaa wa kaskazini walimwasi mfalme wakashindwa, na Warin alikuwa mmoja wao. Mahakimu wa mfalme walitarajiwa Askerdale kabla ya Krismasi. Aliyehukumiwa kwa uasi alipoteza kichwa chake na ardhi yake yote. Lakini aliyekufa kabla ya kuhukumiwa alikufa akiwa safi, na ngome, mashamba na jina vikabaki kwa mrithi wake.

"Fungueni kaburi," Hamo alisema.

Kabla hajafika kwenye kanisa dogo la ngome, Padri Alard alikwisha kusimama mlangoni. Alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala. Alisema marehemu ameombewa na kumfukua ni dhambi. Hamo akamjibu kwamba kutomwona ni kosa kwa mfalme, na kwamba dhambi ataibeba mwenyewe. Padri akasogea kando bila ubishi. Ulikuwa usogeaji wa haraka mno kwa mtu anayelinda kaburi.

Wanaume wanne waliinua bamba la jiwe. Harufu ilipanda, mmoja akakimbilia nje. Maiti ilikuwa ndani ya sanda iliyopakwa nta, imeshonwa kwa uzi mnene. Ilikuwa kazi ya padri kukata mishono, lakini kisu kilimdondoka mara mbili, ikabidi Odo amalizie.

Uso haukuwa uso tena. Kanzu ilikuwa ya Warin, na pete yenye nembo ya Askerdale ilikuwa kidoleni. Hamo alianza kama alivyoanza siku zote, kwa mikono. Anayeanguka kifudifudi hujikinga, hata akiwa mlevi. Viganja hivi havikuwa na mkwaruzo. Akapapasa fuvu. Kisogoni palikuwa na shimo la ukubwa wa yai la kuku. Mifupa ya uso ilikuwa imevunjika vipande vipande, lakini nyama haikuvimba wala kuvilia damu. Huyu alipigwa kwa nyuma, na uso ukapondwa baadaye, damu ikiwa imekwisha kusimama.

"Ngazi ni za mawe," Drogo alisema kutoka nyuma yake.

"Naona. Mgeuzeni."

Hakuna aliyesogea. Padri Alard alianza kusali kwa sauti. Hamo na Odo wakamgeuza wenyewe, wakamvua kanzu.

Mgongo ulikuwa na alama za mijeledi, kumi na tisa. Nyingine magamba yake yalikuwa yameanza kubanduka, nyingine bado mbichi pembeni. Majeraha ya wiki mbili. Hamo akauinua mkono wa kushoto. Kuanzia kifundo hadi kiwiko ulijaa makovu madogo, matatu hapa, matatu pale, kila moja palipoingia ukucha wa ndege.

Odo aliacha kukohoa.

Katika Uingereza nzima hapakuwa na mkono wa kumchapa kabaila mijeledi. Hamo akaurudisha mkono ule taratibu kando ya maiti. Alipoinua kichwa aliwaona mashahidi kumi na wawili mlangoni. Sheria iliwataka waone, na walikuwa wameona. Thurstan alikuwa amefumba macho.

Sheria pia ilitaka mtu aliyemjua marehemu amtambue. Hamo akaomba aletwe mke wa Ketel, akisingizia kwamba anataka kumhoji kuhusu mumewe aliyetoroka. Alidhani Drogo atakataa. Drogo alifikiri kidogo, akamwambia askari sikioni maneno mawili, akakubali.

Mwanamke aliyeletwa aliitwa Sabina. Alikuwa mpika pombe wa ngome, na mikono yake ilikuwa bado imelowa machicha. Aliingia amekunja uso wa hasira, hasira ya mtu aliyeambiwa mumewe amemkimbia, akakaribia kaburi, akatazama. Miguu ya maiti ilikuwa nje ya sanda. Hasira ikamtoka usoni, pasibaki kitu.

"Mama," Hamo alisema, "unamjua huyu?"

Sabina akaitazama ile miguu tena.

"Wanao wako jikoni, Sabina," Drogo alisema kwa sauti ya ukarimu. "Tumewapa mkate wa asali. Wanakula."

Mwanamke akageuka kutazama mlangoni.

"Ni Bwana wetu Warin," akasema.

Hamo alimsubiri, kama kuna zaidi.

"Mfunikeni basi," akasema Sabina. "Kuna baridi."

Hawakumfunika upesi, ikabidi apige magoti mwenyewe. Aliivuta sanda hadi shingoni, akaichomeka chini ya bega la kulia, kisha la kushoto, kama anavyomfunika mtu aliyelala naye kila siku. Halafu akasimama, akafuta mikono kwenye vazi lake, akatoka bila kumtazama yeyote.

Hamo alitaka kumwona mjane. Alisema ni utaratibu.

Bibi Hawise alimpokea chumbani kwake juu ya ukumbi, amevaa nguo nyeusi, mikono juu ya magoti. Alisimulia habari za ngazi ya saba kwa sauti ya juu kuliko chumba kile kilivyohitaji. Hakuwa na macho ya kulia. Alikuwa na macho ya mtu anayengojea kitu kianguke. Hamo alimuuliza nani anakaa naye wakati huu wa msiba. Akajibu hapokei mtu, anakula peke yake.

Mezani kulikuwa na sahani mbili, na zote zilikuwa na miiba ya samaki.

"Bibi," Hamo alisema, "sahani ya pili ni ya nani?"

Pazia zito la ukutani likasogea.

"Ni yangu," ilisema sauti nyuma yake. "Kaa chini, Hamo."

Kabaila Warin alikuwa amevaa koti la ngozi la mtunza vipanga, na halikumtosha mabegani. Ndevu za siku nne zilikuwa zimemtoka nyeupe. Huyu ndiye aliyerithi ngome akiwa na miaka tisa, akaozwa akiwa na miaka kumi na minne, akalinda mpaka wa Waskoti kwa miaka thelathini, akazika wana watatu. Hamo alikuwa askari wake akiwa na miaka kumi na tisa na hakuwahi kumwona akiogopa. Sasa aliona kidevu chake kikicheza.

"Nilikubeba," Warin alisema. "Kule kinamasini, mshale uko pajani mwako. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, bwana."

"Sikuuliza wewe ni mtoto wa nani. Nilikubeba tu."

"Na Ketel, bwana?"

Warin alitazama dirishani. "Alikuwa na kimo changu," akasema.

Bibi Hawise aliweka kiganja mdomoni. Hamo akatambua kwamba hata yeye hakuwa ameambiwa hivyo waziwazi.

"Unajua wanachofanya?" Warin akaendelea, na maneno sasa yalikuwa yanamtoka haraka. "Nilikwenda York mwezi wa tisa, nimevaa kofia ya mkulima, nikasimama kwenye umati. Walimfanyia jirani yangu, mtu niliyekula naye miaka ishirini. Wanakushusha kwenye kamba kabla hujafa. Wanakufungua tumbo na unajiona. Mimi sikuwaogopa Waskoti, Hamo, unajua. Lile naliogopa. Siwezi kulala. Nikifumba macho nakisikia kile kisu. Na mjukuu wangu ana miaka sita, atafukuzwa hapa na nguo alizovaa."

"Ketel naye ana watoto."

"Watatunzwa."

"Mgongo wake una mijeledi kumi na tisa, bwana. Kila mtu kanisani ameiona."

"Mijeledi," Warin alisema. Alijipangusa paji la uso. "Mijeledi niliisahau kabisa."

Alisema kama mtu aliyesahau kofia. Hamo aliona heri angetukanwa.

Masharti yalikuwa mafupi. Hati itaandikwa uani sasa hivi: ajali, na jina la Warin. Mashahidi wote kumi na wawili watabonyeza vidole vyao kwenye nta. Hati za mfalme huandikwa kwa Kilatini, na Warin na Drogo hawakukijua, kwa hiyo Padri Alard ataisoma hati mbele ya wote kwa lugha ya watu. Akimaliza kusoma, lango litainuliwa. Warin atavuka bahari na hataonekana tena.

"Na nikikataa?"

"Usikatae," kabaila alisema, na ilikuwa karibu na ombi. "Drogo hanisikilizi tena kama zamani. Naye alikuwa kwenye uasi. Anaogopa kuliko mimi."

Hamo alishuka. Odo alikuwa akimsubiri chini, na kwa mara ya kwanza walikuwa peke yao, hatua chache kutoka kwa askari. Hamo alimwambia yote kwa pumzi moja. Odo akauliza kwa nini wasiandike uongo, watoke, kisha wamwambie liwali wa mfalme ukweli.

"Hati yenye nta ya watu kumi na wawili haikanushiki," Hamo alisema. "Nikiikana, mimi ndiye niliyesema uongo kwa mfalme. Nitanyongwa, na Ketel atabaki mtoro. Andika nilichoona. Usiandike nitakachosema."

"Miaka kumi na mmoja mkono huu umeandika unachosema, bwana. Haujui kazi nyingine."

"Ufundishe sasa hivi."

"Na padri?"

Hamo aliutazama mlango wa kanisa, kisha akatoka uani.

Mvua ilikuwa imeanza. Odo alikaa chini ya paa la zizi, ubao magotini, na Hamo akasimama mbele yake akisema kwa sauti ya kusikika na wote: Warin, bwana wa Askerdale, mguu wa kulia, ngazi ya saba. Kalamu ya Odo ilikwaruza. Hamo alichungulia mara moja. Kwa Kilatini cha haraka ilikuwa imeandikwa: mwanamume, aliyepigwa kisogoni kwa chuma, uso ulipondwa baada ya kufa, mgongoni mijeledi kumi na tisa, mkono wa kushoto makovu ya vipanga, ni Ketel, mtunza vipanga, amevikwa pete ya bwana wake, Warin yu hai, nimesema naye.

Mashahidi walikuja mmoja mmoja kubonyeza kidole. Hawakujua kusoma. Thurstan alikuwa wa mwisho, akakaa na kidole chake kwenye nta muda mrefu kuliko wengine.

Drogo aliichukua hati. Aliitazama kama mtu anavyotazama uso wa mgeni, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha akampa Padri Alard. "Soma," akasema. "Neno kwa neno."

Padri aliinama juu ya maandishi. Hamo aliyafuata macho yake: mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa tatu yakasimama. Tone la mvua lilianguka juu ya ngozi ya hati, na padri akalifuta kwa kidole gumba, pole pole, ili wino usitawanyike. Juu ukutani upinde mmoja ulitoa mlio wa kuvutwa. Hamo alijaribu kusali akakuta hakumbuki hata sala ya mtoto.

Padri Alard akainua kichwa. Siku nzima alikuwa ametetemeka, na sasa alikuwa ametulia kabisa.

"Warin, bwana wa Askerdale," alisoma, "mguu wake wa kulia uliteleza kwenye ngazi ya saba. Akaanguka kifudifudi, na Mungu akamchukua papo hapo. Ndivyo walivyoapa watu kumi na wawili, na ndivyo alivyoona mchunguzi wa mfalme."

Aliikunja hati mwenyewe. Alipomkabidhi Hamo, vidole vyake vilimbana kiganja. "Nenda salama, mheshimiwa," alisema. "Usichelewe."

"Padri, nahitaji mtu wa kuapa juu ya mazishi. Njoo nasi hadi kwa liwali."

"Padri ana ibada," Drogo akajibu badala yake.

Lango lilipanda kwa milio ya minyororo. Walitoka farasi wakitembea, kwa kuwa kukimbia kungewaumbua, huku kila mmoja akihisi mahali hasa pa mgongo wake ambapo mshale ungeingia. Walivuka daraja. Walipita kinu cha Thurstan, hakina mtu. Walipofika kwenye kona yenye miti iliyowaficha, Odo akapumua.

"Mwendo wa saa ngapi hadi kwa liwali?" Hamo akauliza.

"Nne, tukiwakimbiza farasi hadi kufa."

"Na kurudi na askari?"

"Usiku, bwana. Labda alfajiri."

Hapo ndipo kengele ya kanisa la ngome ilipoanza kulia nyuma yao. Haikuwa kengele ya ibada. Iligongwa pigo moja, kimya kirefu, pigo moja, kama inavyogongwa kwa mtu aliyekufa. Warin alikwisha kugongewa kengele yake siku tatu zilizopita.

"Padri anamgongea Ketel," Odo alisema. "Mpumbavu yule. Watamuuliza anamgongea nani."

Hamo akampiga farasi. Walikimbia ndani ya mvua, matope yakiwarukia machoni, na kengele ikawafuata juu ya kilima cha kwanza na kushuka upande wa pili. Odo alikuwa akihesabu mapigo kwa sauti, bila kujua kwamba anahesabu. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Juu ya kilima cha pili alifika arobaini na moja, akanyamaza, wakasimamisha farasi wote wawili ili wasikie vizuri.

Waliusikia upepo, na pumzi za farasi, si kengele. Hamo alivua kofia, akageuza sikio upande wa Askerdale, akangoja. "Labda ni umbali unaoimeza sauti," alisema. Wakangoja kidogo tena, kisha Hamo akavaa kofia yake, wakaenda.